Jua Moja kwa Mlima na Migomba

Barua za mwezi huu zimenikuta uani nikiosha karatasi ninazochapa kwa jua, mikono ya bluu hadi viwikoni. Nyingi zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: mlima uliojengwa ndani ya kompyuta, picha iliyopigwa kwa kamera na karatasi inayochapwa kwa mkono, vinakaaje pamoja bila kugombana? Nimechagua nne. Ya kwanza nitaijibu kwa urefu, kwa sababu kosa lake nimeliona katika kazi ya karibu kila anayeanza, na mimi mwenyewe nilikaa nalo miaka miwili.

*Shikamoo mama. Nasoma usanifu majengo Dar es Salaam. Desemba nilipokwenda nyumbani Machame kwa Krismasi nilipiga picha ya migomba ya bibi asubuhi, jua likiwa limeshaingia shambani, lakini Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ilijifunika wingu siku zote tano. Niliporudi chuoni nikaujenga mlima kwenye Blender, programu ya kuunda maumbo ndani ya kompyuta, kwa vipimo vya mwinuko vya bure, nikauweka nyuma ya migomba. Kila anayeiona anasema mlima umebandikwa, ila hakuna anayeweza kuniambia kwa nini. Nimerekebisha rangi mpaka nimechoka. Nakutumia picha. – Mwana wa Machame*

Marahaba, mwanangu. Rangi iache kwanza. Niliifungua picha yako nikaufunika mlima kwa kiganja, nikatazama migomba peke yake: kivuli cha kila jani kinaangukia kushoto. Kisha nikaifunika migomba nikatazama Kibo: mabonde yake yana kivuli upande wa kulia. Una majua mawili. Mtazamaji hajui kulisema hilo, lakini jicho lake limekulia chini ya jua moja, na likioneshwa mawili linakataa.

Najua ulivyofanya, kwa sababu wote tunafanya hivyo. Uliishika taa ya kompyuta ukaizungusha mpaka mlima ukapendeza. Sasa iondoe. Tafuta kiongezi cha nafasi ya jua, yaani kiprogramu kidogo kinachoongezwa ndani ya Blender, ukipe mahali, tarehe na saa, kisha usikiguse tena hata kama mlima haukupendezi.

Mahali: Machame iko nyuzi 3.2 kusini mwa ikweta, na kusini kwenye kompyuta huandikwa kwa alama ya kutoa mbele ya namba. Ukiisahau alama hiyo, jua lako litakuwa la upande wa North Horr, kule kaskazini mwa Kenya kwenye jangwa la Chalbi. Tarehe: weka ileile uliyopiga picha. Mwishoni mwa Desemba jua letu huchomoza mashariki likiwa limevutwa kusini kwa nyuzi 23 hivi. Ukisimama Machame ukaitazama Kibo, linakuja kutoka kulia na kuupiga ubavu wa kusini wa mlima. Mwezi Juni mambo yanageuka: linachomoza likiwa limevutwa kaskazini, karibu litokee nyuma ya mlima wenyewe, na uso wa kusini unabaki kivulini. Kwa hiyo mlima wa Juni hauwezi kusimama nyuma ya migomba ya Desemba, hata umwite fundi gani wa rangi.

Saa ndiyo iliyonitesa mimi. Daftari langu la picha naliandika kama ninavyosema: saa moja asubuhi, saa mbili kasoro robo. Nikawa naingiza 1:00 kwenye programu, napata mlima mweusi, nalaumu programu. Saa moja yetu asubuhi ni 07:00 yake, na lazima uieleze pia kwamba saa zetu ziko mbele kwa saa tatu kuliko zile za Greenwich. Kamera yako imeandika saa ndani ya faili, lakini kwanza hakikisha hiyo saa ya kamera yenyewe iliwekwa sawasawa. Nimeshaletewa kamera ambayo bado ilikuwa inahesabu saa za nchi ilikonunuliwa.

Hapa usinielewe vibaya ukadhani naongelea hesabu tu. Mafunzo mengi ya mandhari ya kompyuta yanafanywa na watu wa kaskazini, ambako jua hupanda kwa mshazari na mwanga wa dhahabu hukaa muda mrefu ardhini. Kwetu jua linapanda karibu wima, nyuzi 15 kila saa. Kufikia saa mbili na nusu asubuhi ule mwanga laini umeshaondoka, na saa sita mchana vivuli viko chini ya miguu. Hata mwezi mwandamo wetu hulala chali kama dau, wakati wa kwao husimama kwa ubavu. Kijana akiiga mwanga wa mafunzo hayo anapata Kibo nzuri isiyo ya Machame, na bibi yake atakuwa wa kwanza kulihisi hilo.

Jambo la pili ni lenzi. Umepiga kwa lenzi ya 18–55 iliyosimama kwenye milimita 35. Kihisi cha kamera kama yako, yaani kile kinachopokea mwanga ndani yake, kina upana wa milimita 22 na kidogo, kwa hiyo iliona nyuzi 35 kutoka kushoto hadi kulia. Kamera ya ndani ya Blender, kama umeiacha ulivyoikuta, ina lenzi ya milimita 50 kwenye kihisi cha milimita 36, yaani nyuzi 40. Kibo yako imepungua kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, na kwa mtu wa Machame huo si mlima wake tena. Andika upana wa kihisi chako na lenzi yako humo ndani. Kisha iweke kamera pale bibi alipopanda migomba, mita moja na nusu juu ya ardhi. Usiinyanyue hewani ili uone vizuri. Ulisimama kwa miguu, basi na ya kompyuta isimame.

La tatu, ujue vipimo vyako vimetoka wapi. Kama ni vile vya bure ambavyo wengi tunatumia, vilichukuliwa na rada ya chombo cha anga Endeavour, Februari 2000, kwa siku 11. Vina nukta moja kila mita 30 hivi. Kwa Kibo iliyo karibu kilomita 20 kutoka ulipo, hiyo inatosha kabisa. Kwa shamba la bibi haitoshi hata kidogo: ardhi ya karibu itaonekana kama uji uliopoa. Ndiyo maana ndoa hii inafaa, kila mmoja anabeba anachokiweza. Kamera ibebe karibu, yaani jani, umande, fito za uzio. Kompyuta ibebe mbali. Na kwenye mkanda wa msitu usiongeze urefu kwa ajili ya miti, kwa kuwa rada ile kwa sehemu kubwa iliupima msitu kutokea juu ya matawi. Ukiongeza, unapanda msitu juu ya msitu.

Baada ya hayo yote, ndipo rangi. Asubuhi nyingine yenye hewa kama ile, piga picha ya kilima chochote cha mbali, uone hewa imekipaka bluu kiasi gani, ndipo uipake Kibo ukungu wa kiasi hicho. Na kwa kuwa picha ya kamera ina punje, vile vichembe vidogo vidogo, na mlima wa kompyuta hauna, upe mlima punje zilezile kabla ya kuchapa. Karatasi husamehe mengi lakini husema yote: mlima laini kama kioo nyuma ya migomba yenye punje utaonekana hata ukiwa umefanya mengine yote vizuri.

*Mama, mimi niko Tukuyu. Nimeujenga Mlima Rungwe kutoka ufukwe wa Kyela hadi kileleni, lakini mteremko wote una ngazi kama matuta ya shamba. Nimeulainisha, ngazi zimepungua, lakini mlima nao umekuwa kama kichuguu. Nifanye nini? – Mnyakyusa mwenye subira*

Usiulainishe. Faili lako la mwinuko limehifadhiwa kama picha ya kawaida ya biti 8, ambayo ina ngazi 256 tu kutoka nyeusi hadi nyeupe. Kutoka Ziwa Nyasa, mita 480 hivi juu ya usawa wa bahari, hadi kilele cha Rungwe kwenye 2,960, ni karibu mita 2,500. Zigawe kwa 256: kila ngazi ni mita 10, nyumba ya ghorofa tatu. Rudi kwenye QGIS, programu ya ramani ambayo ni ya bure, ulitoe faili upya kwa biti 16. Hapo ngazi ni 65,536 na jicho haliwezi kuzihesabu. Fanya hivyohivyo kwa anga: ukimaliza kazi kwenye biti 8 utaona mistari angani siku utakapochapa, hata kama kioo cha kompyuta kilikuficha.

*Asalaam aleikum dada. Niko Mombasa, nachapa mandhari zangu kwa ile njia ya jua, sayanotaipu, inayotoa rangi ya buluu. Nikitoa juani huwa nzuri, nikiosha kwa maji ya kisima buluu inatoka na maji, na zilizobaki zimeparara baada ya mwezi. Dawa nimebadilisha mara mbili. Je, ni jua letu kali mno? – Binti wa Kibokoni*

Waalaikum salaam. Jua lenu halina kosa, wengine hulitafuta kwa taa za bei kubwa. Kosa liko kwenye kisima. Kisiwa chenu kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na maji yanayopita humo hutoka na chokaa. Rangi unayoichapa ndiyo bluu ya Prussia, na bluu hiyo adui yake ni kitu chochote chenye asili ya chokaa au magadi. Hivyo kila unapoosha, unafuta. Kinga maji ya mvua, au tia siki kijiko kimoja kwa lita katika maji ya kwanza, osha mpaka ule umanjano wote utoke. Siki itakupa pia ngazi nyingi zaidi za bluu kati ya nyeupe na bluu nzito, na mandhari yanahitaji hizo kuliko kitu kingine. Bluu ikionekana hafifu ukimaliza usikate tamaa, inakolea ikikauka, mpaka kesho yake.

Kisha iangalie karatasi. Karatasi nyingi za kisanaa hutiwa chaki ili zisichakae, na chaki hiyo ni chokaa ileile uliyoikimbia kisimani. Omba karatasi ya pamba isiyotiwa chaki. Ukishaipaka dawa, kwa unyevu wa pwani, ikaushe gizani kwa feni na uitumie siku hiyohiyo. Mimi napima gramu 25 za amonia feriki sitreti kwa mililita 100 za maji, na gramu 10 za potasiamu ferisianidi kwa mililita 100 nyingine, chupa mbili mbali. Nachanganya nusu kwa nusu pale ninapotaka kupaka tu. Glavu mkononi, na kijiko cha dawa kisirudi jikoni kamwe.

Chapa zilizoparara, kama umezitundika palipo na jua, ziweke kwenye droo yenye giza. Baadhi zitarudisha rangi.

Hukuuliza kuhusu negativu, ile picha iliyopinduliwa, nyeupe ikawa nyeusi, inayowekwa juu ya karatasi juani, lakini kwa sababu picha zako zina milima ya kompyuta ndani yake nitakwambia. Unapoichapa kwenye plastiki ya transparensi, chapa pikseli 300 kwa inchi, ambayo kwa A4 ni 2,480 kwa 3,508, iwe imegeuzwa kama kwenye kioo ili upande wenye wino uguse karatasi. Usitumie mwanga uliouona kwenye kompyuta kama ulivyo. Njia hii ina ngazi chache kati ya nyeupe na bluu nzito, vivuli virefu vya mlima huzama vyote kwenye bluu moja. Viongezee vivuli mwanga kwanza, kata kipande cha majaribio, kifunike kwa hatua, dakika 4, 6, 8, 10, 12, ndipo uamue.

Nami naipenda njia hii kwa mandhari kwa sababu nyingine. Bluu ya Prussia ilipatikana Berlin mwanzoni mwa karne ya 18. Msanii Hokusai aliitumia Japani karibu mwaka 1830 alipochapa kwa mbao zile picha zake za Mlima Fuji, na baadhi ya chapa za mwanzo zilikuwa za bluu tupu. Miaka kumi na kitu baadaye, 1842, mwanasayansi John Herschel akaipata tena Uingereza kwa jua na chumvi za chuma. Mlima uliochongwa kwenye ubao na mlima uliochapwa kwa jua vimekutana kwenye rangi moja. Unapouosha mlima wako pale Kibokoni, uko kwenye kazi hiyohiyo.

*Mama, nilipeleka kazi yangu kwenye maonyesho ya picha nikaambiwa si picha, ni kompyuta. Nikaipeleka kwa wachapaji nikaambiwa si chapa, ni picha. Nusu ya mlima nimeupiga, nusu nimeujenga, na yote nimeichapa kwa mikono yangu. Je, ninadanganya watu? Na niandike nini chini yake? – Msomaji wa Nakuru*

Kuunganisha si uongo. Mwaka 1857 mpiga picha Gustave Le Gray alipiga picha za mawimbi huko Sète, kusini mwa Ufaransa. Negativu za kioo za wakati ule ziliihisi bluu kupita kiasi: ukipima mwanga wa bahari, anga linaungua na kuwa jeupe. Akapiga anga peke yake na bahari peke yake, akachapa negativu mbili kwenye karatasi moja, mshono ukiwa kwenye upeo wa macho. Watu walisimama mbele ya picha zile wakistaajabu, na hadi leo zinaheshimiwa. Aliweza kwa sababu mawingu yake na bahari yake vilikubaliana kwa mwanga. Ninachomwambia huyo mwana wa Machame hapo juu si kigeni.

Lakini swali lako la pili ni zito, na sitaki kulijibu kwa historia ya Wafaransa.

Miaka kadhaa iliyopita nilitundika hapa Moshi chapa kubwa ya Kibo. Umbo lilikuwa la kompyuta, anga na migomba vya kamera. Theluji niliiagiza kwa kanuni ya programu: kila mahali palipo juu ya mita 4,800 na pasipo mwinuko mkali, paka nyeupe. Kofia safi, duara zima. Chini niliandika neno moja, "Kibo". Siku ya pili aliingia mzee kutoka Kibosho, fimbo mkononi, akasimama mbele yake muda mrefu. Akaniuliza, "Mama, hii uliipiga mwaka gani?" Nikajibu mwaka huu. Akasema, "Barafu ya hivi sijaiona tangu nikikata majani ya ng'ombe." Akasogea karibu. "Na hata wakati ule haikukaa hivi."

Sikuwa na jibu. Mzee yule alikuwa ameutazama mlima kila asubuhi kwa zaidi ya miaka 60, na mimi nilikuwa nimemwonesha kanuni nikaiita mlima wake. Nilikwenda kusoma. Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Fritz Klute na Eduard Oehler, walikuwa Kilimanjaro, na kutokana na picha zilizopigwa kwa ajili ya kupima, Klute alichora ramani ya mlima. Kwa ramani hiyo barafu ilikuwa na kilomita za mraba 12 hivi. Kufikia 1953 zilibaki karibu 6.7, na mwaka 2011 hazikufika 2. Na haijawahi kuwa kofia ya duara. Iliteremka chini zaidi kusini na kusini-magharibi, upande wa Kibosho na Machame, na mashariki ilikuwa kidogo. Mzee alikuwa sahihi juu ya kiasi na juu ya umbo. Kitu pekee kwenye karatasi yangu ambacho hakikupimwa wala kuonwa na mtu, ndicho kilichokuwa kimebeba uchungu wa mlima huo, na mimi nilikipaka bila kusema.

Kwa hiyo jibu langu kwako ni hili: changanya kadiri unavyotaka, ila uandike chini nini kilipimwa, nini kilionwa, nini ulikiwaza. Si kwa herufi ndogo nyuma ya fremu. Chini ya chapa, kwa penseli, pale unapoandika namba ya nakala na jina lako. Wachapaji wana desturi nzuri ya kuandika 3/12 ili mnunuzi ajue anapata kipi kati ya vingapi. Uaminifu huohuo uusogeze uingie ndani ya picha. Wanaokukatalia mlangoni wataendelea kukukatalia kwa muda, lakini hutakuwa na la kuficha mtu akikuuliza mwaka gani.

Mimi nilimrudia mzee Kibosho. Nilibeba chapa ya mlima mtupu, usio na theluji kabisa, karatasi ya plastiki juu yake, na penseli ya mafuta. Tulikaa nje, mlima ukiwa wazi. Alichora taratibu, akisimama mara kwa mara kunyoosha kidole juu kisha kurudi kwenye plastiki, na mahali pawili alifuta na kuanza upya. Nyumbani niliufuata mstari wake kwenye negativu kwa wino mzito mweusi ili jua lisipite. Kwa njia ya bluu, pasipopita jua hubaki karatasi. Barafu katika chapa ile haina rangi yoyote, ni pamba tupu. Niliitoa nakala 12, ya kwanza iko ukutani kwake. Chini nimeandika hivi:

*Kibo kutoka Kibosho. Umbo la mlima: rada, Februari 2000. Anga na migomba: kamera, Desemba, saa moja asubuhi. Barafu: mzee wa Kibosho, kwa mkono wake, kama alivyoiona akiwa mvulana.*